Ukurasa wa 112 wa Mama Mkubwa Inshirah

Mit Zafaran, 8 Oktoba 1994

Mpenzi Mama Mkubwa Inshirah,

Assalaam alaykum. Naibusu mikono yako. Jibini limefika salama na debe halikuvuja. Kabla sijapoteza ujasiri, nakuuliza: hujawahi kuandika kitabu, sivyo?

Najua hujawahi. Nauliza kwa kuwa natamani niwe nimekosea.

Miaka mitatu iliyopita, wiki yangu ya kwanza katika Ofisi ya Masomo ya Juu, niliamriwa kuchapa mwongozo wa wanafunzi wa uzamivu: pambizo iwe pana kiasi gani, marejeo yaandikwe vipi. Ukurasa wa nne ulihitaji mfano wa rejeo. Nikakaa na mfano huo siku mbili. Nikitia jina la profesa mmoja, wengine kumi na wanne wangeuliza kwa nini si wao. Kuna maprofesa wawili hapa hawajasalimiana tangu 1986 kwa sababu ya nani alitangulizwa kwenye tangazo la rambirambi. Mimi ni karani wa muda. Nikaona niweke mtu asiye na adui hata mmoja kitivoni. Nikakuweka wewe. Niliandika hivi:

*Abu Hatab, Inshirah. Malezi ya Mtafiti: Kutoka Pendekezo hadi Utetezi. Dumyat: Nyumba ya Mishabbik, 1979, uk. 112.*

Mchapishaji nilimtoa kwenye boksi la mishabbik, vile vitamu vya sukari, ulilonipa nilipoondoka. Mia na kumi na mbili ni namba ya nyumba yako.

Mkuu wa Kitivo, Dk. Bahgat al-Mansafi, aliwaambia wanafunzi waufuate mwongozo herufi kwa herufi. Wakaufuata. Walinakili hata mfano, wakautia kwenye orodha zao za marejeo. Na kwa kuwa jina lako linaanza kwa A, umekalia kichwa cha kila orodha. Wengine wakaona aibu kuwa na kitabu kwenye orodha ambacho hawakukitaja ndani, basi wakakutaja ndani.

Ningenyamaza hadi kufa, lakini yuko mtafiti anaitwa Rawya Qandil. Ni mwalimu wa sekondari, na mwaka wa sita sasa anaandika tasnifu juu ya waandishi wenye ushawishi mkubwa katika malezi ya wanafunzi wa uzamivu: nani anasomwa, nani anatajwa, nani amewafunza wasimamizi kazi yao. Anawahesabu kwa kadi alizopanga ndani ya maboksi ya viatu. Alhamisi alikuja dirishani kwangu.

“Ustadh Wagdi, wewe unaijua kila karatasi ya ofisi hii. Huyu Inshirah Abu Hatab ni nani?”

“Kwa nini?”

“Nimemkuta kwenye tasnifu sitini na moja. Amewapita wote, wa hapa na wa ng'ambo.”

Nikasema Mungu ndiye ajuaye, na muhuri wa serikali, ule wa tai, ukaniponyoka, ukaniangukia mguuni. Kidole kimevimba.

Dk. Bahgat ndiye atakayetia saini barua yangu ya kuthibitishwa kazini, Januari. Nifanye nini? Tafadhali ukishasoma, ichome barua hii.

Mwanao mwenye hofu,
Wagdi

---

Dumyat, 14 Oktoba 1994

Wagdi mwanangu,

Barua sikuichoma. Viberiti vinanunuliwa.

Kitabu sijaandika. Kitu kirefu kabisa nilichowahi kuandika ni onyo kwa jirani yangu Umm Shawqi kuhusu njiwa wake, na hata hilo halikufika ukurasa wa pili. Nilifundisha ushonaji katika shule ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, na cheti changu cha kustaafu wamekosea jina la baba. Leo unaniambia nimewapita watu wa ng'ambo. Nimemsomea Umm Shawqi sehemu hiyo, hiyo tu. Tangu jana ananiamkia kwanza.

Sasa sikiliza. Umenifanya mwandishi bila kuniuliza, basi ni haki yangu kujua nimesema nini. Niletee. Isije ikawa nimetembea Misri nzima nikisema upuuzi.

Na huyo binti mwambie ukweli. Si mzigo wa punda: “Ni mama yangu mkubwa, alifundisha ushonaji.” Nimehesabu, ni maneno sita. Utoto wako wote ulikuwa ukisema maneno mengi kuliko hayo kukwepa kuoga.

Ana mchumba? Nauliza tu.

Mama yako mkubwa,
Inshirah

---

Mit Zafaran, 23 Oktoba 1994

Mama Mkubwa,

Maneno sita nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Kioo kilielewa. Kwa Bi. Rawya sijaweza, na sasa mambo yameharibika zaidi.

Kwanza haya uliyoyasema. Nimenakili kwa mkono, mlango ukiwa umefungwa.

Tasnifu ya 1992: “Abu Hatab anasisitiza kwamba msimamizi amkaribie mwanafunzi kama kivuli (uk. 112).”

Tasnifu ya 1993: “Abu Hatab anaonya vikali dhidi ya msimamizi kumkaribia mwanafunzi (uk. 112).”

Tasnifu ya mwaka huu imeyaona yote mawili, ikatatua tatizo kwa kukugawa: kuna Abu Hatab wa mwanzo na Abu Hatab wa baadaye, na katikati ulipitia msukosuko wa kifikra. Mtafiti mmoja anakuita “mzee huyu mwenye ndevu za hekima.” Mwingine anatofautiana nawe, ila kwa heshima.

Haya yote si kitu. Kitabu cha Dk. Bahgat mwenyewe, kile kilichompa uprofesa, sura yake ya tatu inaitwa “Mkabala wa Abu Hatab.” Nanukuu: “Nilimtembelea Bi. Abu Hatab nyumbani kwake Dumyat, majira ya baridi ya 1981. Tulikaa ghorofani, dirisha likitazama Mto Nile. Baada ya kikombe cha tatu cha kahawa aliniambia: Mwanangu, msimamizi ni mnara wa taa.”

Bi. Rawya ameandika tanbihi moja tu katika tasnifu yake: “Kitabu hiki sikukipata katika maktaba yoyote.” Jumatano aliitwa ofisini kwa Mkuu. Mimi nilikuwa mlangoni na faili.

“Bibie,” Dk. Bahgat akasema, “tanbihi hii umeiandika kwa akili zako?”

“Kwa miguu yangu, Daktari. Nimezunguka maktaba kumi na tisa.”

“Kutokiona kwako hakumaanishi hakipo.”

“Sawa. Basi niazime nakala yako.”

“Nakala yangu imeazimwa.”

“Na nani?”

Mkuu akatazama dari. “Na marehemu,” akasema.

Kisha akanigeukia akaniamuru nichape hivi: siku ya utetezi, tarehe 17 Desemba, mtafiti alete kitabu chenyewe au afute tanbihi. Asipofanya moja ya hayo, usajili wake unafutwa. Bi. Rawya amesema hafuti, kwani tanbihi hiyo ni kweli. Likizo yake ya masomo inaisha mwaka huu na hakuna nyingine. Miaka sita, Mama Mkubwa, na maboksi kumi na manne ya viatu.

Nikaichapa ile amri bila kosa hata moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Wagdi

Ana mchumba. Daktari wa meno, wa Tanta.

---

Dumyat, 1 Novemba 1994

Wagdi,

Vikombe vitatu!

Wewe umelelewa Dumyat. Wanatucheka nchi nzima kwa ubahili, kwamba mgeni wetu tunamwuliza: utakula cha usiku, au utalala tumbo jepesi? Na huyu bwana anasema nilimpa kahawa vikombe vitatu. Hata marehemu mume wangu siku ya harusi alipata kimoja. Uongo mwingine ningemsamehe, huu umenivunjia heshima mtaani. Na ghorofani wapi? Niko ghorofa ya chini, nyuma ya wapiga vanishi wa samani, na dirisha langu linatazama viti visivyo na miguu. Mnara wa taa sijawahi kumwita mtu yeyote.

Yule wa Abu Hatab wa mwanzo na wa baadaye, huyo nimempenda. Ni kweli nilipitia msukosuko, 1973, nilipohamishiwa darasa la pili.

Sasa nikuambie jinsi nilivyofundisha, kwa kuwa inaelekea hakuna atakayeniuliza. Msichana akishona pindo upogo, mwalimu mvivu anamshonea upya ili aonekane hodari mbele ya mkaguzi. Mimi sikuwa nikiwashonea. Nilikuwa nafumua mbele yake, uzi baada ya uzi, kisha namrudishia sindano. Akilia, namngoja amalize kulia. Sindano inabaki kwake.

Umenielewa. Ningeweza kupanda basi kesho nikamwambia huyo mnara wa taa wako mimi ni nani. Sitakushonea. Nitanyamaza mpaka asubuhi ya tarehe 17 Desemba, si dakika moja zaidi. Binti wa watu hatapoteza miaka sita kwa sababu ya boksi la mishabbik.

Sindano hiyo.

Inshirah

---

Mit Zafaran, 5 Novemba 1994

Kwa Bi. Inshirah Abu Hatab, Mwandishi, Dumyat (au warithi wake)

Mheshimiwa,

Sijui nyumba wala mtaa wako. Naandika kwa kutegemea kwamba mtu mashuhuri kama wewe, mtu wa posta atamjua. Ikiwa umekwisha kufariki, naomba radhi kwa kukusumbua.

Mimi ni mtafiti. Nimewahesabu waandishi wote ambao kitivo chetu kinawategemea kujua namna ya kumlea mwanafunzi wa uzamivu, na wewe ndiye wa kwanza. Nimesoma watu sitini na mmoja waliokusoma. Sijampata hata mmoja anayekumbuka rangi ya jalada.

Ombi langu ni dogo. Kama kitabu kipo, niambie kiko wapi, nitakifuata kwa miguu. Kama hukukiandika, niambie hukukiandika. Nitalia kidogo, kisha nitafurahi. Kitu nisichoweza ni kuandika kwamba nimekisoma.

Wako,
Rawya Qandil

---

Dumyat, 12 Novemba 1994

Binti yangu Rawya,

Sijafa. Mtu wa posta alinijua kwa sababu ya ugomvi wa njiwa.

Swali lako ni zuri kuliko majibu yote sitini na moja. Jibu lipo, lakini yuko mtu anayepaswa kulitoa kabla yangu, na nimempa muda. Ni mwoga, ila si mbaya. Tanbihi yako usiifute. Andaa utetezi wako kama kawaida, na waambie shangazi zako waandae na vigelegele.

Huyo daktari wa meno mmeshavishana pete, au bado ni maneno tu?

Inshirah Abu Hatab

---

Mit Zafaran, 20 Novemba 1994

Mama Mkubwa!

Umemwandikia! Uliniahidi kunyamaza!

Bi. Rawya aliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi, ameinua barua yako juu kama bendera. “Yu hai, Daktari! Mwalimu wako yu hai!”

Dk. Bahgat akasema alhamdulillah, kisha akaomba maji. Nilimletea. Akanywa, akaomba mengine. Bi. Rawya alipoondoka, Mkuu aliiweka glasi chini.

“Wagdi,” akasema, “huyu bibi atakuwa na umri gani?”

Nikasema sijui. Nikasema labda sitini na minane. Nikasema nakisia tu.

“Na kutoka Dumyat mpaka hapa kuna mwendo.”

“Upo, Daktari.”

“Na baridi imeingia.” Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Mwandikie mwaliko. Mgeni wa heshima kwenye utetezi. Upambe kabisa. Ila nauli usitaje.”

Ameniambia pia kwamba barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake, na kalamu iko juu yake. Nimeiona. Kalamu iko juu yake kweli.

Silali vizuri. Bi. Rawya ananisalimu kila asubuhi kwa wema, na jana aliniletea kipande cha mkate wa fatiri chenye asali kwa sababu, amesema, nimekonda.

Wagdi

---

Kitivo cha Malezi, Mit Zafaran, 24 Novemba 1994
Ofisi ya Mkuu wa Kitivo

Kwa mwalimu wa walimu, Bi. Inshirah Abu Hatab

Mama yangu mtukufu,

Ni kwa moyo uliojaa kumbukumbu za ile jioni isiyosahaulika ya 1981 ndipo ninapokualika uwe mgeni wa heshima kwenye utetezi wa tasnifu ya mtafiti Rawya Qandil, tarehe 17 Desemba, saa nne asubuhi, Ukumbi Mkuu. Tukitambua umri wako, afya yako, baridi, mvua, ukungu na hali ya barabara, tutaelewa kikamilifu iwapo hutaweza kufika, na kiti chako kitabaki wazi kwa heshima, kikiwa na shada la maua.

Mwanafunzi wako daima,
Prof. Dk. Bahgat al-Mansafi

*(Chini, kwa penseli, herufi ndogo:)* Mama Mkubwa, nakusihi usije. W.

---

Dumyat, 1 Desemba 1994

Mwanangu Daktari Bahgat,

Afya yangu ni nzuri, Mungu akubariki kwa kuiulizia. Nitakuja. Maua msinunue, nitakuja na mishabbik.

Nakumbuka vizuri sana majira ya baridi ya 1981. Nikifika nitakukumbusha yote, neno kwa neno, mbele ya watu.

Inshirah

---

Masijala, Kitivo cha Malezi, 17 Desemba 1994, saa moja na dakika arobaini asubuhi
Barua iliyoingia Na. 1406

Kwa: Mkuu wa Kitivo
Nakala: watahini watatu, maktaba, mtafiti Rawya Qandil, faili, na mimi mwenyewe, nisije nikakana baadaye.

YAH: KUTOKUWEPO KWA KITABU

Mheshimiwa,

1. Mimi, Wagdi Shalqami, karani wa muda, nakiri kwamba kitabu kiitwacho *Malezi ya Mtafiti* hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Ni mfano nilioubuni mimi mwaka 1991 kwa ajili ya ukurasa wa nne wa mwongozo.

2. Inshirah Abu Hatab ni mama yangu mkubwa. Alifundisha ushonaji.

3. Tanbihi ya mtafiti Rawya Qandil ni sahihi. Katika kazi zote zilizopita mikononi mwangu ndani ya miaka mitatu, ndiyo pekee iliyoandikwa na mtu aliyekwenda kukitafuta kitabu.

4. Nilijua tangu tarehe 6 Oktoba na sikusema. Sababu ni hofu. Hakuna sababu nyingine.

5. Barua hii nimeiingiza daftarini na kuigonga muhuri wa tai kabla ofisi hazijafunguliwa. Kwa mujibu wa kanuni, barua yenye namba haiwezi kurudishwa mfukoni, na ikihusu utetezi ni lazima isomwe ukumbini. Namwomba Mheshimiwa anisamehe kwa kuijua kanuni hiyo.

Muhuri nimeugonga mara mbili ili kusiwe na shaka.

Wako mtiifu,
Wagdi Shalqami

---

Dumyat, 22 Desemba 1994

Wagdi mwanangu,

Nimefika salama. Miguu imevimba lakini moyo umetulia. Kwenye basi nilikaa na lile shada la maua mapajani, watu wakadhani nimetoka kuolewa.

Nilikuja na maneno mfukoni, nimeyakunja kama leso. Sikuyatoa. Yule mtahini mnene alipofungua bahasha akasoma “Na. 1406,” nilikutazama pale ukutani, mweupe kuliko chokaa, nikajisemea: afadhali, ameishika sindano. Aliposoma “sababu ni hofu,” mwanamke wa nyuma yangu, sijui shangazi wa nani, alilia kwa sauti. Aliposoma “alifundisha ushonaji,” watu wakanigeukia wote, nami nikainamisha kichwa kidogo kama tunavyofanya kwa mkaguzi.

Mnara wa taa wako namvulia kofia, lazima niseme. Alinijia mikono imepanuliwa: “Mwalimu wangu!” Nikamwambia, “Mwanangu, wewe ndiye uliyekunywa vikombe vitatu? Dumyat nzima inataka kukuona.” Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wallahi nilidhani ataanguka. Lakini alisimama wima, akafuta jasho, akasema kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa: “Mabibi na mabwana, sasa naweza kuifichua siri. Hili lilikuwa jaribio. Kitivo kilitega kitabu kisichokuwepo ili kipime uaminifu wa watafiti wake. Na kati ya watafiti sitini na wawili, amefaulu mmoja!”

Akamwelekeza kidole Rawya. Watahini wakatazamana. Wawili kati yao, Rawya ameniambia, wamo kwenye wale sitini na mmoja. Basi wao ndio waliokuwa wa kwanza kupiga makofi. Daraja la juu kabisa, vigelegele kabla matokeo hayajasomwa mpaka mwisho, na mishabbik yangu ikaisha kabla mimi mwenyewe sijaonja.

Rawya alinikumbatia, kisha akaniuliza uko wapi. Nikamwambia anamtafuta karani yupi, yule wa mwanzo au wa baadaye? Akacheka mpaka akakaa chini. Mchumba wake pia nimemwona. Meno yake mazuri. Zaidi ya hapo sikuona kitu.

Kuhusu kile kitabu, nimeanza kukiandika. Nimeanzia ukurasa wa 112, kwa kuwa ndio wanaoungoja. Naandika kwenye daftari la vipimo lililobaki nusu.

Wamekufanya nini? Usinifiche.

Inshirah

---

Mit Zafaran, ghala la tasnifu, 11 Machi 1995

Mpenzi Mama Mkubwa,

Naibusu mikono yako. Samahani kwa kuchelewa. Huku chini hakuna dirisha na siku zinanichanganya.

Hawakunifukuza. Dk. Bahgat alisema karani aliyeshiriki katika jaribio la kitivo hawezi kufukuzwa, maana watu watauliza. Ila barua ya kuthibitishwa haikutiwa saini. Imeambiwa isubiri Januari nyingine, na kalamu imeondolewa juu yake. Mimi nimeshushwa ghalani na kalamu nyekundu, nikufute kwenye tasnifu zote sitini na moja, rejeo kwa rejeo, kila ninapofuta nitie saini. Nimefika ya arobaini na nne. Yule wa Abu Hatab wa mwanzo na wa baadaye alinichukua siku tisa. Baada ya kukufuta wewe ilibaki dibaji na shukrani.

Kazi ya sitini na mbili ingekuwa kitabu cha Mkuu. Nilikwenda maktaba kukichukua, hakipo rafuni. Kadi ya maazimo inasema kimechukuliwa. Kwenye nafasi ya jina pameandikwa kwa mkono ninaoufahamu: “Marehemu.”

Dk. Rawya sasa anafundisha hapa, saa nne kwa wiki. Kila Alhamisi anashuka na chai. Kadi zake ameamua kuzihesabu upya bila wewe, na wa kwanza, baada ya kukutoa, ametajwa mara tisa tu. Anasema hiyo ndiyo sura ya maana kuliko zote na hakuna aliyemwagiza kuiandika. Pete bado anayo, usiulize.

Nina habari nyingine, ndiyo iliyonifanya niandike leo. Waliniamuru nichape mwongozo mpya. Safari hii ukurasa wa nne sikuthubutu kumweka mtu wala mji. Niliandika: *Fulani, Fulani. Jina la Kitabu. Mji: Mchapishaji, Mwaka, uk. 000.* Chini yake, kwa herufi nene: “Mfano tu. Usinakiliwe.”

Jumanne imeletwa tasnifu ya kwanza iliyofuata mwongozo mpya. Niliifungua nyuma, kwenye marejeo. Fulani yumo. Nikaenda ukurasa wa ishirini na tatu: “Fulani anaunga mkono mtazamo huu kwa nguvu (uk. 000).”

Mama Mkubwa, nilikaa na ile tasnifu muda wa kunywa glasi moja ya chai, si zaidi. Oktoba ningekaa nayo miaka mitatu. Niliinuka, nikapanda ngazi, nikaiandikia barua, nikaipa namba daftarini, kisha nikamwita mtafiti mwenyewe ili asije akayasikia ukumbini. Ni kijana mpole, ana watoto wawili, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimketisha.

“Ndugu yangu,” nikamwambia, “huyu Fulani hajawahi kuwepo.”

Akavua miwani taratibu. Akanitazama kwa huzuni ya kweli.

“Inna lillahi,” akasema. “Amefariki lini?”

Nimemwambia aje kwako Alhamisi ijayo. Mpe kahawa, kikombe kimoja, kisha mpe sindano.

Mwanao,
Wagdi